Maelezo Kuhusu Mzee Khamphai na Beseni la Vipandikizi

KITUO CHA POLISI NONG TAKIAN, MKOA WA KALASIN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bunlert Phromsaen, maarufu Lert
Umri: Miaka 63
Kazi: Mpishi wa meli mstaafu, sasa fundi pikipiki
Elimu: Darasa la nne, mengine bandarini
Makazi: Nong Takian, nyuma ya hekalu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza haya kwa hiari yangu mbele ya Sajenti Worawut.

Mnamo tarehe 18 Machi 2024, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwa jirani yangu Mzee Khamphai, miaka 74, kukaa naye, kwa sababu binti yake Ratsami alikuwa anakwenda mjini kununua dawa. Mzee huyu siku hizi anasahau sana. Ratsami aliniambia, "Mjomba Lert, usimwache hata ukibanwa na haja." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimekaanga samaki wa watu arobaini meli imelala ubavu. Nitashindwa na mzee mmoja?"

Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kuotesha vipandikizi vya bangi. Sajenti ameuliza kama ni halali. Ndiyo, Ratsami amejiandikisha. Mzee Khamphai anaweza kusahau jina la binti yake, lakini mikono yake haisahau. Anakata ncha ya tawi mshazari kwa wembe, chini kidogo ya kifundo, anapunguza majani nusu, anachovya kwenye utomvu wa mshubiri, anachomeka kwenye kikombe cha makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kila kikombe anakitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira, haufunguliwi mpaka mizizi ionekane, na vikombe vyote anavipanga kwenye beseni. Mfuko ukitoka jasho kwa ndani, mambo mazuri. Ukikauka, umepoteza. Mimi Rotterdam niliona wanaotesha kwa taa na mashine, nikamweleza. Akasema, "Na wewe Lert, hiyo mashine uliiona tu, au ilikuotesha akili?"

Mchana upepo ulikuwa mkavu na wa moto. Mifuko ikaacha kutoka jasho. Mzee akaanza kuhangaika, anaigusa mmoja mmoja. "Haitoki jasho, Lert. Vitakufa hivi." Nililihamishia beseni kivulini. Bado. Alirudia maneno hayo mpaka nikachoka, nikamtania: "Basi kaka, vipeleke kwenye banda la uyoga la jirani Saiyud. Mle ni jasho tupu, hata mpini wa jembe unaota mizizi." Tukacheka. Nilidhani tumecheka wote wawili.

Saa saba hivi akapita mama anayeuza tiketi za bahati nasibu kwa baiskeli. Nilitoka barabarani kuchagua namba. Sikukaa sana, ila sikukaa kidogo pia, kwa sababu nilimsimulia habari za Durban. Niliporudi uani, mzee hayupo, beseni halipo. Kandambili zake zilikuwa mlangoni.

Nilimtafuta mferejini kwanza, maana hofu yangu kubwa ilikuwa maji. Kisha hekaluni, kisha kwenye miwa, nikiita mpaka sauti ikakauka. Nikampigia Ratsami. Aliuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikaanza habari ya tiketi. Akakata simu. Nikaja hapa kituoni.

Sajenti aliandika haya yote, akanisomea ili ahakikishe. Alipofika kwenye banda la uyoga, nilisikia maneno yangu kwa sauti ya mtu mwingine, na hayakuwa utani tena. Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikamwambia, "Afande, leo Saiyud anafukiza." Nilikuwa nimeona kuni chini ya pipa lake nikipita. Kabla ya kupanda uyoga mpya, Saiyud hufunga banda, huchemsha pipa la maji na kuingiza mvuke kwa saa kadhaa, kuua wadudu na ukungu. Hakuna kiumbe kinachobaki mle.

Simu ya Saiyud haikupokelewa. Tulikwenda kwa pikipiki ya Sajenti. Moshi tuliuona tangu barabarani. Sajenti alipiga teke bomba la mvuke likachomoka, mimi nikakata kamba ya mlango. Saiyud akatoka jikoni akipiga kelele, "We Lert, umelewa? Utaniharibia banda!" Nikamwambia, "Khamphai yumo." Akaketi chini palepale.

Mvuke ulitupiga usoni kama tumefunua sufuria. Mzee alikuwa nyuma ya kichanja cha mwisho, chini kwenye udongo ambako joto lilikuwa bado halijashuka lote. Alikuwa amevua shati na kulifunika beseni. Ngozi nyekundu, macho yamefumba. Nilipomwinua alisema polepole, "Funga mlango, Lert. Upepo."

Saiyud anasema alichungulia na kuita kabla ya kufunga, hakujibiwa, na ndani ni giza. Namwamini. Naomba asishtakiwe. Aliyempeleka mzee mle ni mdomo wangu.

Kwenye gari la wagonjwa mzee aliniuliza, "Imetoka jasho?" Nikamwambia, "Imetoka, kaka. Inatiririka." Hiyo ni kweli. Vipandikizi vyenyewe vimeiva kama mchicha, na hilo sikumwambia. Ratsami nilimkuta mlango wa hospitali, akanipita kama anapita nguzo. Daktari anasema tusubiri usiku huu. Nimerudi hapa kumalizia maelezo, kwa sababu kule hakuna aliyeniambia nikae.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyasema. La kuongeza sina, la kupunguza sitaki.

Sahihi ya shahidi: B. Phromsaen

Maelezo ya afisa: Shahidi alikatiza maelezo saa tisa na nusu alasiri, akaendelea saa kumi na mbili jioni. Amesomewa yote na amekubali. Kabla hajasaini, Ratsami alipiga simu ya kituo akamtaka. Simu yetu ina sauti kubwa, hivyo nilisikia: "Mjomba Lert, baba amekunywa uji. Lete kikoi chake kikavu, kisha ukae naye. Mimi nataka kulala kidogo." Shahidi aliitikia kwa kichwa tu, kana kwamba anaonekana. Nilimkimbilia nje na karatasi. Amesaini juu ya tanki la pikipiki, injini ikiwa inanguruma.

Sajenti Worawut Chaisuk