Fimbo Yako Ilikuwa Nyeupe, Mama

Mama mpendwa,

Anza kwa kucheka, maana mwanao ana bahati ambayo haijawahi kumpata mtu yeyote kutoka Isansa mpaka Kasumbalesa. Nimekaa barazani hapa Mpemba, kwenye kile kiti chako cha kamba, jua la saa kumi liko usoni, na nazisoma namba za malori yanayotoka mpakani, moja baada ya nyingine, bila miwani. Wenzangu wa umri huu wanalishika gazeti mbali kana kwamba litawang'ata. Mimi hata mbu akiruka upande wa Zambia namjua kama ni dume au jike. Unakumbuka yule daktari alivyotuambia kwamba presha ya macho hupenda kutembea kwenye ukoo, ikitoka kwa mzazi inamfuata mtoto? Kwangu ilibisha hodi, ikaniona sura, ikaaga.

Najua huko uliko hakuna posta. Lakini mwenyewe ulisema mimi naweza kuongea na gurudumu la akiba mpaka likacheka, basi acha niongee na wewe. Kuna jambo moja nimelibeba muda mrefu kuliko nilivyobeba shaba ya watu kwenda bandarini, na leo nataka kulishusha.

Nikuanzie pale Isansa, macho yalipokuacha. Hukulia. Uliendelea kuchuma kahawa kwa vidole, mbivu unaitia kikapuni, mbichi unaiacha mtini, na wajukuu wenye macho mazima wakawa wanakuletea za kwao uwakagulie. Mimi wakati huo ndiyo nimepanda cheo, kutoka utingo mpaka dereva wa semi, darasa la tano kichwani na lugha sita mdomoni, biashara zimefunguliwa, mpaka wa Tunduma unachemka. Nikajenga nyumba hii kando ya barabara kuu, nikakuleta ukae na mimi na mkweo, Mama Neema. Nikadhani nimekutoa shida. Kumbe nimekutoa kwenye shamba ulilolijua kwa nyayo zako, nikakuweka kwenye kiti.

Kisha akaja Mwalimu Haonga na pikipiki yake yenye matope mpaka kwenye usukani. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo, nikamuuliza, "Mzee, wewe unauza nini?" Akasema hauzi, anafundisha wasioona, katumwa na serikali, mkoa mzima wa Mbeya ni wake peke yake, Chunya yake, Ileje yake. Nikamcheka. Nikamwambia mama yangu alishamaliza kusoma kabla hata sijazaliwa. Wewe ukasema kutoka ndani, "Edisoni, mpishe mgeni apite, huyo hakuja kwako."

Wiki mbili alikuja kila siku. Alifunga kamba kutoka mlango wa jiko mpaka chooni, ukawa unakwenda na kurudi bila kumwita mtu. Alikufundisha kumimina chai kwa kuning'iniza kidole kwenye ukingo wa kikombe, chai ikigusa kucha unaacha. Alitaka kukufundisha chakula kwa mishale ya saa, kwamba nyama iko saa tatu, mboga saa tisa, ukamwambia, "Mwanangu, mimi saa sijawahi kuvaa." Akafikiri kidogo, akasema basi ugali uko upande wa Mbeya, mboga upande wa Zambia. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Tangu siku hiyo hapa nyumbani ukila lazima uulize, "Zambia leo wana nini?"

Halafu akaleta fimbo. Alikupima nayo, kutoka ardhini mpaka kifuani, akaikata ikutoshe wewe na si mtu mwingine.

"Ina rangi gani?" ukauliza.

"Nyeupe, mama."

"Nyeupe ya namna gani? Ya chumvi au ya maziwa?"

"Nyeupe kama maua ya kahawa."

Ukaipakata kama mtoto. Akakufundisha kupapasa mbele kwa mwendo wa kushoto na kulia, na barabarani akakwambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo. "Simama ukingoni. Sikiliza. Inyooshe fimbo mbele yako, juu kidogo, ionekane. Dereva akiiona nyeupe anajua wewe humwoni, basi ni kazi yake kukuona wewe."

Wewe shida yako ilikuwa moja tu, kanisa. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili hazifiki, na kila Jumatano kina mama wana ibada yao. Ulikuwa unachoka kusubiri mtu wa kukushika mkono. Uliniambia, "Nataka nifike kwa Mungu bila kusindikizwa." Jumatano ya kwanza Mwalimu alikwenda nyuma yako bila kukugusa, lori likasimama, basi likasimama, ukavuka. Ulirudi unatembea kama aliyepewa gari.

Mwalimu akaondoka kwenda Ileje. Nikabaki mimi na ujinga wangu.

Mama, unanijua. Mimi ni mtu wa kutaka sura. Pale maegesho ya malori kulikuwa na wazee wasioona waliokaa kwenye magunia wakiomba, nao fimbo zao nyeupe. Mwenzangu mmoja akanitania mbele ya watu, "Edi, nimemwona mama yako, naye kaanza kazi?" Walicheka, nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimevimba. Nikajiambia mama wa dereva wa semi hawezi kuonekana hivyo. Mama wa dereva anashika bakora ya heshima, ya kahawia, kama wazee wa baraza. Nilikuwa na rangi ya kahawia iliyobaki nilipopaka mbao za bodi la lori. Ukiwa umelala mchana nikaichukua fimbo yako nikaipaka mara mbili.

Ulipoamka ukanusa. "Nini kinanuka?"

"Nimeipaka vanishi, Mama, isiliwe na wadudu."

"Asante baba," ukasema. Ukanibariki, Mama. Kwa jambo lile, ukanibariki.

Jumatano iliyofuata ukatoka peke yako na bakuli la mayai ya sadaka. Mimi nilikuwa uani nakaza nati. Nikasikia breki za lori, zile za kupiga kelele mpaka moshi, halafu kimya. Nilipofika ulikuwa umekaa kwenye majani, goti limechubuka, kiini cha yai kimetapakaa kwenye kitenge. Hukuvunjika kitu, sifa kwa Mungu. Kina mama wa kanisani wakakuwahi, wakakupeleka bombani kukuosha. Dereva alikuwa Mzambia, kijana wa Kibemba, ameshuka mbio.

"Bamayo, huyu mama, hajaumia? Mukwai, tafadhali, nisamehe. Nimeona bibi na bakora yake, nikasema huyu ananiona, atanipisha."

"Hukuona kwamba haoni?"

"Ningejuaje? Wale wasioona fimbo zao nyeupe. Ingekuwa nyeupe ningesimama kule juu kabisa."

Nikamshika bega, nikamwambia aende salama.

Wewe uliporudi kutoka bombani ulikuwa mtulivu. Ukasema, "Niliinyoosha, Edisoni. Nilisimama, nikasikiliza, nikainyoosha kama alivyosema. Mwalimu wenu ni mwongo. Na nyie madereva hamna adabu."

Pale ndipo ilikuwa nafasi yangu. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Badala yake nikafanya mzaha, nikasema Wazambia breki zao wanazihifadhi kwa ajili ya Krismasi. Hukucheka.

Kuanzia hapo hukuvuka tena peke yako. Akipatikana wa kukushika mkono ulikwenda, asipopatikana ulikaa kwenye kiti hiki, unasikiliza nyimbo zikitoka ng'ambo, unaimba sauti ya pili ukiwa upande huu. Mama Neema alikuwa na meza yake ya nyanya sokoni, mimi nilikuwa njiani Ndola au Dar, kwa hiyo Jumatano nyingi uliimba ukiwa huku. Fimbo ukaigeuza ya kufukuzia kuku na kuangushia mapera.

Mwalimu Haonga alirudi baada ya masika, kwa sababu mtu mmoja mkoa mzima ndivyo anavyorudi. Aliiona fimbo imeegemea mpera. Hakusema kitu mbele yako. Alinivuta nyuma ya nyumba.

"Umeipaka wewe?"

"Mimi, Mwalimu."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

"Leo?"

"Leo leo."

Aliniamini, maana ana moyo mwepesi kama mtoto. Nilichofanya ni kutafuta msasa na rangi nyeupe. Ukaniuliza nakwaruza nini, nikasema nasafisha. Nikaipaka ikawa nyeupe, nikakupa, nikakwambia, "Mama, jaribu tena, naenda na wewe." Ukaipapasa, ukaiweka chini. Ukasema, "Ile haisimamishi magari, baba. Mpe mwingine anayeamini." Na mimi nikanyamaza, kwa sababu kukuambia kwamba fimbo ni nzima ningelazimika kukuambia nani aliiharibu. Niliona afadhali umwone Mwalimu mwongo kuliko unione mimi mjinga. Hivyo ndivyo nilivyokupenda wakati ule, Mama, kwa jinsi hiyo mbovu.

Ulikaa nasi miaka mingine saba. Tulicheka sana, sisemi uongo. Uliyajua malori kwa mlio, ukiwa kwenye kiti unasema, "Hilo limepakia, hilo tupu, hilo la Edisoni," na chai inawekwa jikoni kabla sijakata kona. Siku za mwisho ulinishika uso mzima kwa mikono miwili, ukasema nimenenepa, ukasema nimtunze Mama Neema. Nilikaa hapo kando ya kitanda na lile jambo ulimini. Likakaa. Tukakurudisha Isansa, ukalazwa karibu na kahawa yako.

Fimbo nilibaki nayo. Nisikudanganye, kwa miaka mingi imeshikilia antena ya televisheni. Ni imara, haipindi hata kwa upepo wa Agosti.

Mwezi uliopita Mwalimu Haonga alifika tena hapa. Kichwa kimekuwa cheupe chote na mwakani anastaafu. Siku hizi ana vijana wawili wa kumsaidia na pikipiki imebadilishwa, ila matope ni yale yale. Nilimwona tu nikajua siwezi kumdanganya mara ya pili. Nikamwambia, "Mwalimu, sikumwambia." Akasema, "Najua. Ungemwambia angevuka." Akamaliza chai yake. Halafu akauliza ile fimbo iko wapi, nikapanda mwenyewe kuishusha, nikipapasa bati. Akanisimamisha, akanipima nayo. Ilifika tumboni. Akasema, "Hii ni ya mama yako tu." Akatoa mpya kwenye mkoba, ya kukunjwa, akaninyooshea, kisha akaivuta nyuma kidogo.

"Rangi unayo humu ndani?"

"Sina hata tone."

"Hata ya mlango?"

"Mwalimu, we nipe fimbo."

Mama Neema alicheka mpaka akatoka nje, na nadhani nje alilia.

Sasa Mama, nisikilize vizuri, hapa ndipo nilipokuwa nakuja muda wote. Fimbo inasimamisha magari. Mwalimu hakukudanganya, na uliinyoosha sawasawa kabisa, kosa halikuwa lako wala la yule kijana. Ilikuwa imepakwa rangi ya bodi na mwanao wa kwanza aliyeona aibu. Nisamehe. Ungeweza kwenda kanisani kila Jumatano mpaka uwachoshe.

Utaniuliza nimejuaje kwamba inasimamisha. Jumatano hii nilitoka saa tisa. Nilimkatalia Mama Neema asinifuate, ingawa nilisikia kandambili zake nyuma yangu. Nikasimama ukingoni pale pale palipovunjika mayai. Nikasikiliza. Lilikuwa semi, limepakia, linatoka mpakani. Nikainyoosha. Nikasikia anapunguza gia moja, gia ya pili, upepo wa breki ukatoka, na likasimama mbali kabisa, kule juu, kama yule kijana alivyosema. Dereva akapaza sauti, "Pita, mzee, polepole!" Nikapita. Ng'ambo walikuwa wameshaanza wimbo, sauti ya pili ilikuwa imepungua, nikaijazia nilivyoweza. Unajua sauti yangu. Wamenivumilia.

Lala salama kwenye kahawa yako. Nasikia mwaka huu imechanua yote, nitakuja nikae nawe nisikie nyuki. Nitakuja na basi, leseni nimeirudisha.

Na zile namba za malori nilizojisifia pale juu, Mama, sizioni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kama tundu la ufunguo, na barua hii nimeiandika kwa kalamu nene, pua ikigusa karatasi. Bahati ile ilikuwa uongo.

Mwanao wa kwanza,
Edisoni