Redio ya Mama na Fundi Niliyemcheka

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua huna hamu ya kuitikia, wala sikulaumu. Nakuandikia hapa gazetini kwa sababu ni hapa hapa nilipokudhalilisha.

Pale nyumbani Izia uliunda redio na amplifaya kwa mabaki ya vyombo vilivyokufa. Vizungushio vya sauti ulichonga mwenyewe, kwa vipande vya mninga. Kabla ya kushika patasi ulimpa mwenye redio donge la ugali wa ulezi, alibane kwa vidole kama mtu anayeongeza sauti. Likikauka, ulichonga kwa kufuata alama zile. Nilikucheka. Ukanijibu, "Cheka tu, msomi. Mikono haifanani."

Halafu nikaandika makala hapa gazetini. Nilikuwa nimechoshwa na wakubwa wanaosifia ubunifu wa wananchi ili wasijenge viwanda. Bado nimechoshwa, hoja ile siifuti. Lakini nilitafuta mfano wa kuchekesha, nikamweka fundi wa Izia anayepima vifaa vya umeme kwa ugali. Jina sikulitaja, kana kwamba Izia nzima mafundi wa namna hiyo mlikuwa wawili.

Watu wakaanza kukuita Fundi Ugali. Mteja mmoja alikuja kuchukua redio yake, akakuuliza mbele ya watu kama inaliwa na maharage au na mlenda. Nilikuwepo, kaka. Niliinamia simu yangu.

Hukugomba. Ulifunga vifaa vyako kwenye gunia, ukahamia Wampembe kuuza dagaa. Wakati wa kuagana ulisema, "Umeandika vizuri, mdogo wangu. Ila hukuuliza."

Mwezi uliopita redio ya mama ilianguka, kizungushio ulichomchongea kikapasuka. Nikamnunulia cha dukani, cheusi, kinang'aa. Alipojaribu kukizungusha, kikamteleza. Akajaribu kwa viganja vyote viwili. Ndipo nikavitazama vidole vyake: vimepinda, vimekakamaa, havikunjuki. Akaniambia ulimtengenezea kile cha kwanza alipoanza kuangusha mwiko. Mimi ninayewafokea wengine kila wiki kwamba hawawaoni wanyonge, sikuwa nimeviona vidole vya mama yangu. Wewe ulikuwa umevipima.

Nimejaribu kuchonga. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kiligoma kuingia, cha tatu kilimchubua. Sasa redio yake inaongea kwa sauti ile ile moja, habari, misa na ngoma. Juzi alinipokonya patasi.

"Acha kuharibu miti," akasema. "Nenda kwa mwenzako ukamwombe radhi."

Ana haki. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, basi mbele za watu nasema: ulikuwa fundi, nami nilikuwa mjinga mwenye kalamu. Lakini yaliyobaki hayamalizwi kwa gazeti. Jumamosi napanda gari la Wampembe. Ukitaka kunisema mbele ya wauza dagaa wote, niseme. Nitasimama hapo hapo, bila kujibu, mpaka umalize.

Mdogo wako, aliyekukosea