Mgwayakani wa Baba

Zenaida, wameukata mgwayakani wangu. Wameukata!

Nimetoka kununua mbao za kuzibia madirisha, si kimbunga kinakuja? Narudi nakuta kisiki.

Mti alioupanda marehemu baba nilipoolewa! Miaka ishirini na mbili umenifika begani tu, na juzi ndiyo umetoa maua ya kwanza.

Mama mkwe ananiambia, "Ungevunja dirisha." Mti mgumu vile! Mnazi wake uliojaa nazi juu ya paa, hakuugusa.

Nikalia. Akasema, "Miaka yote hiyo, hata tunda moja? Nilimwonya mwanangu siku ya harusi, asiweke nyumbani kitu kisichozaa."

Kisichozaa, Zena! Mbele yangu!

Nikamgeukia Osvaldo, mume wangu, anitetee. Alikuwa anafuta msumeno.