Kuku Walipoisikia Albamu ya Nekesa

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Nekesa,

Mimi niliyezoea kuwaandikia watu maombi yao kwa maofisa ninalo jambo ambalo nimekosa ofisi ya kulipeleka, isipokuwa kwako uliyetangulia.

Binti yetu ametoa albamu. Ni muziki wa pop wa kielektroniki, alioutengeneza kwa kompyuta katika chumba chake cha kupanga huko Shirere, na sasa unauzwa mtandaoni hata kwa watu wasioijua Khwisero yetu. Wahakiki wameusifu. Mmoja aliandika gazetini kwamba wimbo wa mwisho unazipita nyimbo zote, hususan kwa sauti ya kike "iliyobuniwa na mashine kwa ustadi".

Mama Nekesa, sauti hiyo ni yako. Wakumbuka jioni ulizosimama mlangoni na ungo wa mahindi ukiwaita kuku, nami nikikutania kwamba wao unawabembeleza kuliko mimi? Ulijibu, "Wao hutaga." Nekesa alikuwa akikurekodi kwa simu, nasi tukidhani anacheza.

Dada yangu Rispa alipopata habari alifika hapa nyumbani akiwa amekasirika. "Sauti ya marehemu haiuzwi," akamwambia mtoto. "Itoe huko leo."

"Senge, sitaitoa mpaka Baba aseme," Nekesa akamjibu shangazi yake.

Basi uamuzi ukaniangukia mimi, ambaye tangu tukuzike sikuwa nimethubutu kuisikia sauti yako. Nikaagiza wimbo upigwe. Nekesa akaweka spika barazani. Vikaanza vishindo vizito vya kompyuta, mithili ya ngoma ya isukuti ipigwayo ng'ambo ya mto. Rispa akasonya. Kisha wewe ukawaita kuku.

Kuku wako, ambao tangu uondoke hawaniitikii, na hulala juu ya mparachichi kama ndege wasio na mwenyewe, walitoka mbio katika mahindi, mbawa wazi, hata yule mweupe achechemeaye. Wakaizunguka spika, wakiinua vichwa. Rispa akaketi polepole.

"Basi waleteeni mahindi," akasema. "Msiwadanganye."

Ngoma ikanyamaza, ukabaki peke yako: "Baba Nekesa, kuja basi, obusuma inapoa."

Nilikuwa nimekwisha kusimama.

Nilikusudia kumwandikia yule mhakiki barua ya kumsahihisha, kwa lugha iliyonyooka, lakini nimeghairi. Angedai mashahidi, na wangu wana manyoya. Tena nikiwaza kwamba vijana wa miji nisiyoijua wanacheza kwa sauti iliyokuwa ikiniita mezani kula ugali, naiweka kalamu chini.

Nimeamua wimbo ubaki. Kila jioni mimi huupiga barazani, huwamwagia kuku mahindi yao, nao huingia bandani kwa utaratibu uliowafunza wewe.

Ombi langu ni moja, na ninaliwasilisha kwa unyenyekevu: endelea kutuita. Tunakuja.

Ni mimi mumeo,
Baba Nekesa