Ujumbe Usio na Jina

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima. Magoti yanamsumbua mama, ila mdomo wake haujapumzika. Mimi bado naijenga upya tovuti ya kile chama kinachosaidia familia zenye watoto wenye ulemavu.

Jana, nikihamisha vitu vya tovuti ya zamani, niligundua kwamba fomu ya kuomba msaada ilikuwa imeharibika tangu mwaka jana. Wazazi waliandika, wakajibiwa "Asante, tumepokea," kumbe hakuna aliyesoma. Jumbe arobaini na moja! Nikaanza kuzisoma.

Mmoja, wa miezi saba iliyopita, hauna jina: "Mwanangu ana miaka mitatu, hawezi kukaa. Baba yake hataki aonekane na watu. Nipigieni mchana tu."

Namba ya simu ni yako, dada.

Miezi saba umengoja kupigiwa, na sisi kila tukimuulizia mtoto unasema amelala. Tangu jana nakupigia, hupokei, na roho iko juu juu.

Sikulaumu. Nilimweleza katibu wa chama, akasimama palepale. "Basi tunaanza na huyo," akasema.

Jumamosi mchana nakuja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Shangazi atakupa barua hii mkononi, ukishaisoma, ichane. Shemeji akifoka, niachie mimi. Naogopa, sikufichi, lakini nitabisha hodi mpaka ufungue.

Ni mimi, mama mdogo wa mtoto ambaye sijawahi kumbeba.