Ngamia Ambaye Kompyuta Ilikataa Kumuuza

Ijumaa, Galbet. Jua la leo limeamua kutukaanga na feni inazunguka kwa mazoea tu, lakini nina furaha isiyoenea kifuani. Wacha niiandike kabla haijapoa.

Kwanza nikiri kosa. Programu yangu, ile ambayo wafugaji wa hapa Garissa huorodheshea mifugo yao kwenye simu, ilijua hali mbili tu za mnyama: yuko nyumbani au yuko sokoni. Asiyekuwa nyumbani ilimweka yenyewe kwenye ukurasa wa wanaouzwa.

Mimi, binti wa wafugaji, nilimsahau ngamia wa kuazimwa.

Kwetu, jirani akipungukiwa, unampa ngamia wako amkamue hadi mambo yatengemae. Desturi hiyo tunaiita irmaansi. Hutangazi, ili jirani asione haya. Nadhani nilizoea kunyamaza hata nikanyamaza mbele ya kompyuta.

Wiki jana habaryar Khadija, dada mdogo wa mama, alimpa jirani yake Fadumo ngamia mwenye maziwa. Akajaza kwenye simu: hayuko nyumbani, yuko kwa Fadumo. Siku ya tatu mnunuzi akabisha kwa Fadumo, kamba mkononi.

Fadumo hakugombana na mtu. Alimrudisha ngamia, akamfunga langoni kwa habaryar, akaondoka bila salamu. Watoto wake wakarudia chai ya rangi. Habaryar akanipigia: "Wallahi Hodan, simu yako imenifanya mchoyo mbele ya watu!"

Leo nimeivunja na kuijenga upya sehemu yote inayokumbuka hali ya mnyama. Sasa hali ni tatu: nyumbani, sokoni, ameazimwa. Mnyama ana moja tu kwa wakati mmoja. Kisha nikaandika fanksheni ndogo ndogo za kunisaidia, yaani vipande vya maagizo kwa kompyuta, kila moja kwa badiliko moja, na kila moja nimeitajia aina ya mnyama inayemkubali. Ile ya kuuza inamkubali wa nyumbani peke yake. Nikajaribu makusudi kuipa aliyeazimwa.

Mstari mwekundu wa kosa!

Programu haijawashwa, hakuna aliyebonyeza chochote, na kompyuta tayari imekataa. Nilipiga kigelegele hadi mama akaja mbio akidhani kuna posa. Zamani niliona mambo haya ya kutaja aina ni usumbufu wa watu wenye muda. Lo, raha ya kukatazwa na kitu ulichokiandika mwenyewe!

Alasiri nikampelekea habaryar. Akabonyeza "ameazimwa", kitufe cha kuuza kikatoweka, na jina la Fadumo likawa halionekani na mtu mwingine. Alirudia mara nne, haniamini. Halafu akavaa viatu, akafungua kamba, akamwongoza ngamia hadi ng'ambo ya barabara.

Nilibaki langoni. Fadumo alitoka, akapokea kamba. Wakaingia wote watatu. Mimi sikuitwa.

Ni haki yangu kuachwa nje. Mnyama amerudi, lakini aliyemtuma mnunuzi kwenye lango lile ni mimi. Kesho asubuhi, wakishakamua, nitakwenda kumwomba Fadumo radhi kwa mdomo wangu. Kwa hilo hakuna fanksheni ya kunisaidia.