Sukari ya Mikorosho Imekwenda Nambilanje

Jumatatu, 9 Juni

Siku nzima kusuuza rojo. Mikono imechubuka tena. Matawi ya mikorosho yaliyopogolewa, ambayo wakulima wa huku huyachoma tu shambani, sisi karakanani tunayakatakata na kuyachemsha kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka yanakuwa rojo. Halafu kusuuza, kusuuza, kusuuza. Maji yakitoka safi ndipo kimeng'enya kinaingia. Kinafanya kile ambacho kimea hufanya kwenye togwa: kinakatakata kisicho na ladha, utamu unatoka. Sukari yake mwili hauisagi. Inashuka yote mpaka chini tumboni, kulisha vijidudu vizuri vinavyokaa humo. Tutaanza na vifaranga, kisha watu, vipimo vikikubali. Makapi yanakuwa trei za mayai. Naipenda kazi hii hata nikiwa hoi.

Ila pishi la sita limenitia hasira. Limenuka yai viza tangu linachemka. Sababu nimeijua: mkulima alikata matawi baada ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu. Msimu wenyewe ndio huu, Nachingwea nzima inanuka salfa, na mimi sikuuliza. Bosi kasema la sita lisiguswe. La tano nalo lisubiri majibu ya maabara kutoka Dar.

Jumanne, 10 Juni

Panya wameingia stoo. Nimeleta nyumbani makopo mawili ya unga uliokauka, wa pishi la tano na wa la sita, nikayaweka kwenye kabati la jikoni mpaka stoo izibwe. Bosi hajui.

Baba aliniona nikiyapanga. Hakuuliza kitu. Tangu nirudi kutoka Dar hajawahi kuuliza. Majirani wakitaka kujua binti yake anafanya kazi gani, anasema, "Yupo yupo na mambo ya mbao," kisha anabadilisha mazungumzo. Inaniuma. Ananionea haya, najua. Binti aliyesomeshwa kwa korosho amerudi kupika matawi ya korosho.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Baba kanzu pasi. Kesho anakwenda Ruangwa, kijijini Nambilanje, arobaini ya mume wa Shangazi Somoe, dada yake. Mimi sikupata ruhusa. Rojo haisubiri.

Alhamisi, 12 Juni

Kopo moja halipo.

Nimerudi kazini jioni, nimefungua kabati, nimeona moja. Nimepekua jikoni yote, hadi chini ya magunia. Halafu nikaelewa, nikakaa chini sakafuni. Hakuna anayekwenda kwenye hitima mikono mitupu. Unabeba mchele, au unabeba sukari. Sukari yetu ya dukani iliisha juzi. Baba kafungua kabati, kaona kopo la unga mtamu, kalifunga kwenye kitambaa, kaondoka nalo.

Lipi sasa? Hilo ndilo linaloniua. Makopo yote mawili ni ya maziwa, yanafanana. Karatasi za majina nilizibandika kwa uji wa sembe, kama tulivyokuwa tunafanya shuleni. Mende wamekula uji na karatasi yake. Nimefungua lililobaki: unga wa kahawia hafifu, utamu mdogo kwenye ncha ya ulimi. Yote mawili yako hivyohivyo. Yakishakauka hata harufu huipati.

La tano sina wasiwasi nalo sana. La sita sijui lina nini ndani. Kostiki na salfa vilivyochemka pamoja, na mimi nilishindwa kulisuuza likaisha harufu.

Simu ya Baba haipatikani. Nimepiga mpaka yangu imepata moto. Wanakunywa chai sasa hivi. Naogopa. Nimewahi kuogopa mambo mengi ila si hivi.

Ijumaa, 13 Juni

Issa, mtoto wa Shangazi, kapiga asubuhi. Ilibidi apande kichuguu apate mtandao.

"Dada Mwajuma, huku hali si hali. Matumbo yanaunguruma nyumba nzima. Wazee wamekatisha dua wakakimbilia nyuma ya nyumba."

Nikamwuliza Baba yukoje.

"Mjomba kalala. Kasema chakula hakitaki."

Simu ikakatika. Nilisimama jikoni nimeshika lile kopo kama mjinga, nawaza mazishi, nawaza polisi, namwaza Baba.

Halafu kichwa kikafanya kazi, kwa mara ya kwanza tangu jana. Salfa iliyopita kwenye kostiki hujificha ikikauka, lakini ukiitia kitu kichachu inajitangaza. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Nikakata ndimu, nikakamua.

Yai viza. Jikoni yote!

Nimecheka peke yangu, kisha nikalia. Sijawahi kufurahia uvundo namna hii. La sita liko hapa. Lililokwenda ni la tano, nililolisuuza mwenyewe mpaka karatasi ya kupimia kostiki ikagoma kubadilika rangi. Na matumbo? Utamu wake ni mdogo, kwa hiyo watu wameongeza kijiko juu ya kijiko. Vile vijidudu navyo havijawahi kuona karamu kama hiyo. Ni gesi tu. Naomba Mungu iwe gesi tu.

Nimekwenda kwa bosi nikasema kila kitu. Kafoka mpaka mafundi wameacha kazi. Ana haki. Mwishowe kasema niende kesho nikawaone hao watu kwa macho yangu, na nikiona hata mmoja anaumwa, nimpeleke zahanati bila kumwuliza mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Nambilanje. Vumbi mpaka kwenye meno.

Wa kwanza kumwona ni Baba, kakaa barazani, anakula muhogo wa kuchoma. Mzima. Nilishuka kwenye pikipiki nikasahau kumlipa kijana, akanikimbilia. Nikamshika Baba mkono, nikamshikilia. Akauliza nimefuata nini.

Hakuna mgonjwa hata mmoja. Nimezunguka nyumba zote walikokuwa wageni, nimeuliza maswali ambayo msichana hawaulizi wazee. Wanawake wananicheka. Shangazi Somoe ananiambia, "Sukari gani hiyo mwanangu, haikolei! Tumetia vijiko mpaka tukachoka." Bibi mmoja jirani kanivuta pembeni kuuliza kama imebaki, maana tumbo lake lilikuwa limefunga tangu wiki iliyopita na sasa anajisikia msichana. Nimemkatalia. Kanuna.

Nimewaomba wote radhi. Nikamwambia Shangazi kwamba Baba alibeba lile kopo kwa kukosea.

Shangazi akanitazama. "Akosee wapi? Kaka kasimama mbele ya watu na kopo lake mkononi. Kasema hii haikutoka dukani, kaipika binti yangu kwa matawi ya mikorosho, kila mtu aonje."

Nikaenda kuwasaidia kuosha sufuria.

Jumapili, 15 Juni

Tumerudi nyumbani pamoja. Majibu ya Dar yamefika kwenye simu ya bosi: la tano ni safi. La sita tunalimwaga.

Jioni nimemwambia Baba, kwa ukali wote ambao mtoto anaruhusiwa, kwamba kisichopimwa hakiliwi. Kwamba nusura tuue watu. Kanisikiliza, macho chini.

"Pale kila mtu anamsifia mwanawe," akasema. "Huyu mwanangu mwalimu, huyu ana lori Namungo. Mimi nikiulizwa nasema mbao, kwa sababu sijui kueleza. Nikaona bora waonje."

Haikuwa haya. Hakuwa na maneno tu, na mimi sikuwahi kumpa. Miaka yote hii nimemnunia mzee wa watu.

Nikavuta kigoda nikamweleza kazi yangu, toka tawi linapokatwa. Kauliza maswali, mengine ya maana, mengine ya kunichokoza. Nilipofika kwenye kimeng'enya alikuwa amesinzia, kofia imemshuka puani. Sikumwamsha. Nikaendelea kueleza kidogo, kwa sauti ya chini, mpaka nikamaliza.